Nimeombwa niahirishe chuo ili niendelee kujitolea hospitalini. Nifanyeje?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Kasulu mkoani Kigoma, na kwa sasa namalizia mwaka wa pili wa shahada ya lugha katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, ambako nasoma Kiswahili na Kifaransa. Nakuandikia kwa sababu natakiwa kutoa jibu kabla chuo hakijafungwa kwa likizo, na kila ninayemwomba ushauri hunipa jibu linalomfaa yeye.

Wakati wa likizo ndefu ya mwaka jana nilirudi nyumbani, nikajiunga na kikundi kidogo kinachowasaidia akina mama wajawazito wanaofika hospitalini bila ndugu. Wengi wao ni wenyeji, lakini wapo pia Warundi, baadhi wakiwa wamepewa rufaa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na Kiswahili cha wengi wao ni cha kuombea maji. Kwetu tunazungumza Kiha, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, nilijikuta naelewana nao bila shida kubwa. Haukupita muda wauguzi wakazoea kuniita kila alipofika mgonjwa asiyesikia Kiswahili, nami nikawa nashinda wodini, nikitafsiri maelezo ya dawa, maswali ya kliniki na wakati mwingine habari ambazo hakuna anayependa kuzibeba.

Muhula ulipoanza nilirudi Dar es Salaam, lakini simu hazikukoma. Muuguzi hunipigia nikiwa darasani, huweka simu kwenye spika, nami hutoka nje na kusimama kwenye korido nikitafsiri huku wanafunzi wakipita na kupiga kelele. Simu moja ya namna hiyo ilinikosesha jaribio la Kifaransa, na mhadhiri amekataa kunipa jingine. Sijawahi kulipwa, wala sikudai, ingawa nauli na salio vinatoka katika fedha zangu za kujikimu.

Sasa mratibu wa kikundi ameniambia kwamba wamepata mfadhili wa mradi wa mwaka mmoja, na wananitaka niahirishe mwaka wa tatu nikae Kasulu, nijitolee muda wote kwa posho ya kila mwezi na cheti mwishoni. Anasema hakuna mwingine mwenye lugha zote hizo anayeijua hospitali ile, na kwamba jamii yangu inanihitaji zaidi kuliko chuo. Baba yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, hataki kusikia habari za mradi wala za ukalimani. Anataka nihamie ualimu, kwa kuwa anaamini kusema lugha za watu si kazi ya kumlisha mtu. Mimi ndoto yangu ni kuwa mkalimani wa mikutano na mahakama, na nimesoma kwamba Kiswahili sasa ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Kifaransa changu ni kizuri, na Kiswahili ndicho ninachokisomea. Kiha hakinisaidii huko, ni lugha ya nyumbani tu.

Kuna jambo moja zaidi. Siku moja mkunga alinitaka nimweleze mama mmoja wa Kirundi kwamba atapelekwa hospitali ya mkoa kufanyiwa upasuaji. Kabla sijafungua mdomo, mumewe alinishika mkono na kuniambia kwa Kirundi kwamba nimwambie mkewe anakwenda kupimwa tu, nisitaje kisu, maana ataogopa na kukataa. Nilimgeukia mkunga na kumweleza kwa Kiswahili yote aliyoyasema mume yule. Mume alikasirika sana, akaniambia kwamba alidhani mimi ni mwenzao. Mpaka leo sijui kama nilitenda haki.

Naomba unisaidie: niahirishe masomo au nisiahirishe? Nimjibu nini baba? Na kujitolea kwangu kuna manufaa yoyote kwa kazi ninayoitaka, au napoteza muda?

Mkalimani Mtarajiwa,
Dar es Salaam

MAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi, kwa hiyo nalianza: usiahirishe mwaka wa tatu. Mradi wa mwaka mmoja una tarehe ya kwisha, na mfadhili akiondoka posho huondoka naye, wakati shahada isiyokamilika haina nafasi popote katika safari unayoitaka. Nafasi za ukalimani na tafsiri katika Umoja wa Mataifa na mashirika ya kikanda huanza na sharti la shahada, na mwombaji asiye nayo huchujwa kabla hajapata nafasi ya kuonyesha anachokijua. Kama unasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kumbuka pia kwamba mwanafunzi aliyeahirisha hapewi fedha za kujikimu, na akirejea huanza kufuatilia upya chuoni na kwenye Bodi ili jina lake lirudi kwenye orodha. Mratibu wako huenda hana nia mbaya, kwani watu wa miradi hubanwa na tarehe za taarifa za mfadhili, lakini hoja yake kwamba jamii inakuhitaji zaidi kuliko chuo ina kasoro moja kubwa: jamii hiyo hiyo itakuhitaji miaka kumi ijayo, na itafaidika zaidi ukiwa umefunzwa.

Sasa nije kwenye habari ya mume yule, ambayo umeiandika kama nyongeza, nami naiona ndiyo nzito kuliko yote yaliyomo katika barua yako. Ulitenda haki. Pale kitandani palikuwa na watu watatu wenye haki ya kuelewa kinachosemwa: mkunga anayebeba dhamana ya tiba, mama ambaye mwili unaopasuliwa ni wake, na mume mwenye hofu yake. Mkalimani hana sauti ya nne. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila kinachosemwa mbele yake kinawafikia wanaohusika, kikiwa kizima, bila kuongezwa wala kupunguzwa, na yule anayemnong'oneza aseme hivi asiseme vile anapaswa kujua kwamba mnong'ono wake utatafsiriwa pia. Ungemtii mume, mama yule angeingia chumba cha upasuaji akiwa ameridhia kitu kingine kabisa, na sahihi au dole gumba lake kwenye fomu ya ridhaa lisingekuwa na maana. Ungemkaripia mume, ungekuwa umejipa mamlaka ya mkunga. Ulichofanya, yaani kumrudishia mkunga jambo hilo ili alishughulikie yeye mwenye dhamana, ndicho kinachofundishwa katika vyuo vya ukalimani, na wapo watu wenye vyeti ambao siku kama hiyo huwashinda.

Lipo jambo dogo ambalo lingekupunguzia ghadhabu ya mume. Kabla ya mazungumzo kuanza, mkalimani hujitambulisha kwa pande zote mbili, kila upande kwa lugha yake, na kueleza kanuni zake kwa maneno machache: kwamba atatafsiri kila kitakachosemwa, kwamba hatatoa nje siri ya mgonjwa, na kwamba haegemei upande wowote. Utangulizi huo hauchukui hata dakika moja. Mume aliyeusikia hukushika mkono akiwa anajua utasema, na akikasirika, hukasirikia kanuni aliyokwisha kuambiwa. Neno lake kwamba alidhani wewe ni mwenzao litakufuata mara nyingi katika kazi hii, hasa kwa sababu unafanya kazi mahali ambapo watu wanakufahamu ukoo na kijiji, na usitegemee kwamba siku moja litaacha kuuma.

Hata hivyo, kutenda vizuri kwa silika hakutoshi, na hapa nina neno la onyo. Ukaribu wa Kiha na Kirundi ndio uliokufungulia mlango, na ndio huo huo unaoweza kukuponza, kwa kuwa mahali ambapo lugha mbili zinafanana sana masikio hulegea, na tofauti ndogo hupita bila kuonekana. Katika maongezi ya sokoni hilo halina madhara. Katika maelezo ya dawa, mgonjwa aliyeelewa kwamba anywe kidonge kimoja kutwa mara tatu, ilhali aliambiwa nusu kidonge kutwa mara mbili, anaweza kurudi wodini kwa machela. Jizoeze kumtaka mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe, kisha umtafsirie muuguzi alichokirudia, na namba zote uziandike kwenye karatasi kabla ya kuzitamka. Ukifika likizo hii, kaa na mkunga mmoja mwenye subira, ukiwa na daftari, mpitie pamoja mambo yanayozungumzwa kila siku katika wodi ile: kifafa cha mimba, kondo la nyuma, upungufu wa damu, chupa kupasuka, mtoto kutanguliza makalio, damu kutoka baada ya kujifungua. Halafu uende kwa akina mama watu wazima wa Kirundi, wale waliozaa na kuzalisha, uwaulize wao huyaitaje. Utakuta kwamba mambo mengine hayana jina moja bali huelezwa kwa sentensi nzima, na mengine yana jina la adabu na jina la mtaani, nawe utahitaji kuyajua yote mawili. Daftari hilo, likikaguliwa na mkunga, lina thamani kuliko cheti unachoahidiwa.

Simu za koridoni zikome. Sisemi uache kusaidia kwa simu, kwani ukalimani wa simu ni kazi halali na katika nchi nyingi hospitali zina mikataba nayo, lakini unafanyika mahali palipotulia, kwa saa zilizokubaliwa, na anayepiga hujitambulisha na kueleza ni nani wako chumbani. Wewe unatafsiri habari ya siri ya mgonjwa huku wanafunzi wakipita, unasikia nusu ya maneno na huwezi kuiona sura ya anayezungumza. Hilo ni hatari kwa mgonjwa kabla halijawa usumbufu kwako. Mwandikie mratibu kwamba katika muhula utapatikana jioni fulani na fulani, kwa saa ulizozitaja, na kwamba simu itakayopigwa nje ya hapo haitapokelewa. Andika pia kwamba salio litatoka kwao, na nauli ya likizo vilevile. Kujitolea maana yake ni kutoa nguvu na muda bila ujira. Kuigharimia hospitali kutoka katika fedha ya chakula cha mwanafunzi ni jambo jingine, na kikundi chenye mfadhili hakina udhuru. Wakigoma, utakuwa umejua mapema aina ya watu ambao ungewapa mwaka mzima wa maisha yako.

Umeandika kwa haraka kuhusu habari ambazo hakuna anayependa kuzibeba, nami sitaki niipite kauli hiyo. Mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza: mama akisema amefiwa na mtoto, mkalimani hasemi kwamba mama huyu anasema amefiwa, husema nimefiwa na mwanangu. Njia hiyo huyaweka mazungumzo kati ya mgonjwa na muuguzi, lakini ina gharama yake, kwa sababu siku nzima kinywa chako kinatamka misiba ya wengine kana kwamba ni yako. Miongoni mwa waliokimbia vita, misiba hiyo hujumuisha mambo ya kutisha. Dai kwamba kikundi kiwe na mtu, muuguzi mkuu au afisa ustawi wa jamii, ambaye utakaa naye baada ya siku ngumu na kuzungumza. Ukinyimwa hilo pia, punguza siku zako za wodini.

Sasa kuhusu ndoto yako. Umeniambia Kifaransa ni kizuri, Kiswahili unakisomea, na Kiha hakikusaidii. Nadhani umepanga hesabu hiyo kinyume. Wanaojua Kiswahili na Kifaransa wapo wengi kuliko unavyodhani, na Wakongo kadhaa wanazo lugha zote mbili tangu utotoni. Wanaozungumza Kiswahili fasaha, Kifaransa cha chuo kikuu, na lugha ya kundi la Kirundi na Kinyarwanda waliyoinyonya kwa mama zao, hao ni wachache, na kazi yao ina historia hapa hapa Tanzania.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994, ikawa na makao yake Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, lakini mashahidi wengi waliotoka vijijini Rwanda walitoa ushahidi kwa Kinyarwanda. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ambayo ilikuwa ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, majaji waliandika sehemu nzima kuhusu ugumu wa kutafsiri ushahidi wa Kinyarwanda kwenda Kifaransa na Kiingereza, na walilazimika kumsikiliza mtaalamu wa isimu ili waelewe watu wa Rwanda husemaje mambo fulani, yakiwemo yale ya aibu ambayo shahidi hayataji waziwazi. Fikiri maana yake. Majaji, mawakili na waendesha mashtaka wenye elimu yote ile walikuwa wakimsubiri mtu mmoja aliyekaa ndani ya kibanda cha vioo, mwenye lugha ya nyumbani. Iulize maktaba ya chuo chako hukumu hiyo. Inapatikana kwa Kifaransa, na ukiisoma sehemu ile utafanya mazoezi ya lugha na ya taaluma kwa pamoja.

Kwa hiyo kigeuze Kiha chako kiwe Kirundi cha kazi. Sikiliza taarifa za habari za BBC Gahuza, ambayo hutangaza kwa Kinyarwanda na Kirundi, ukiwa na kalamu, kisha uieleze upya kila habari kwa Kiswahili na siku nyingine kwa Kifaransa. Anza kwa kumwacha msemaji amalize, ukitegemea kumbukumbu na alama chache ulizoandika, maana huo ndio ukalimani utakaouhitaji wodini na mahakamani. Ule wa papo kwa papo, wa kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, uache mpaka upate mwalimu. Ni kazi inayochosha kiasi kwamba wakalimani wa mikutano hukaa wawili kibandani na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi, na anayejifunza peke yake hujijengea mazoea mabaya yanayochukua muda mrefu kung'oka. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikitoa shahada ya uzamili ya ukalimani, na hiyo ni mojawapo ya njia za kuiangalia utakapohitimu, pamoja na ufadhili wake.

Kuhusu Umoja wa Afrika, habari uliyosoma ni ya kweli: Februari 2022 Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja huo. Kabla ya hapo, Agosti 2019, nchi za SADC, yaani jumuiya ya kusini mwa Afrika, zilikubali kiwe lugha yao rasmi ya nne, na mwezi Februari 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya. Ninafurahi kama Mswahili yeyote anavyofurahi. Lakini azimio halizai ajira siku hiyo hiyo. Wakalimani wengi wa mikutano duniani hawana mwajiri; huitwa kwa siku, hulipwa kwa siku, na kuna miezi hawaitwi. Malipo ya siku moja ni mazuri, ila yanapaswa kukufikisha hadi mkutano mwingine ambao hujui utakuwa lini. Ukiingia katika kazi hii, ingia ukiwa na tafsiri ya maandishi mkononi, kwa sababu ndiyo inayoleta chakula katika miezi hiyo. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kutafsiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ni kazi kubwa. Hivyo usikidharau Kiingereza kwa sababu unapenda Kifaransa, kosa ambalo wanafunzi wa lugha hulifanya sana. Arusha, mbali na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na huko anayekuja na lugha moja ya kigeni hupitwa na mwenye mbili.

Kama unataka kujitolea katika muhula bila kuvuruga masomo, tafsiri ya maandishi inafaa kuliko simu. Shirika lililojulikana kwa jina la Translators without Borders, ambalo sasa ni sehemu ya CLEAR Global, hupokea watu wa kujitolea kutafsiri maandishi ya misaada ya kibinadamu, na unaweza kuchukua kipande kidogo cha kazi usiku wa Jumamosi ukakimaliza bila mtu kukukatiza darasani. Kazi yako hupitiwa na mwingine, nawe huona ulipokosea, jambo ambalo wodini hakuna wa kukufanyia. Ukishahitimu, fika Baraza la Kiswahili la Taifa ujue utaratibu wao wa kuwatambua wafasiri na wakalimani, kwani nyaraka nyingi zinazopelekwa ofisini huhitaji tafsiri iliyothibitishwa na BAKITA.

Kuhusu mzee, nakuomba umsikilize kwa heshima kabla ya kumjibu. Enzi zake, aliyemaliza chuo cha ualimu alipangiwa kituo, akafungasha, akaripoti, na mshahara ukaanza. Hofu yake imetoka humo, na haina dharau kwa lugha zako hata kama maneno yake yana ukali. Leo mhitimu wa ualimu anaomba nafasi kupitia Sekretarieti ya Ajira na kusailiwa pamoja na umati wa wenzake, kwa hiyo ule uhakika anaokutakia haupo tena kwa namna aliyoujua. Usimwambie hivyo kana kwamba unamshinda hoja. Mwambie kwamba hufungi mlango wa ualimu kwa kumaliza shahada yako ya lugha, kwa kuwa ipo stashahada ya uzamili ya ualimu, inayotolewa hata na Chuo Kikuu Huria, na mwenye Kifaransa na Kiswahili anaweza kufundisha vyote viwili. Mweleze pia kwamba kufundisha Kiswahili kwa wageni ni kazi yenye soko, na kwamba upo mpango wa Fulbright unaowapeleka vijana walimu kufundisha lugha zao katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, ambao Watanzania na Wakenya wamekwenda kufundisha Kiswahili. Mzee akisikia kwamba binti yake hajaukana ualimu, bali ameuweka katika orodha, atapoa. Kama ana dada yake anayemsikiliza, mtangulize shangazi huyo akaonje hali ya hewa kabla hujakaa naye. Wewe unaijua familia yako kuliko mimi.

Na jaribio ulilolikosa, rudi kwa mhadhiri ukiwa na barua ya muuguzi mkuu inayothibitisha saa na sababu ya simu ile. Akikataa tena, mwone mkuu wa idara, bila malalamiko na bila machozi.

Limebaki suala la cheti. Cheti cha ushiriki kinachosema tu kwamba fulani alijitolea hakimwambii msomaji kitu. Omba barua, kwenye karatasi yenye nembo, inayoeleza ulifanya kazi gani, kati ya lugha zipi na zipi, katika wodi gani, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, kwa jumla ya saa ngapi, na chini ya usimamizi wa nani, pamoja na simu ya msimamizi huyo. Kwa upande wako, anza leo kuandika kumbukumbu ya saa zako, bila jina la mgonjwa yeyote wala jambo linaloweza kumtambulisha. Barua hiyo isisubiri mwisho wa mradi. Iombe likizo hii, wakati mkunga na mratibu waliokuona ukifanya kazi bado wapo Kasulu, maana watumishi huhamishwa na wa miradi huondoka mikataba inapokwisha, na atakayekuja baada yao hatakuwa na la kuandika juu yako.